Umepokea Pesa Kutoka kwa Toyi Toyi

Siku niliyokabidhi ofisi nilikabidhi vitu kumi na tisa. Aliyenipokea akaandika kumi na nane. Tukahesabu tena, vikawa kumi na tisa kweli. Kitu alichokiruka kilikuwa muhuri. Alikuwa ameuwekea faili juu. Nikaona heri niyaandike haya mapema, ninyi wa idara ya biashara mnaobaki, kabla hamjayawekea faili juu na mengine.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa kuja na mishahara iliwahi kuisha, na hilo mnalijua bila kuandikiwa.

Mimi nilikulia kwenye maharage. Mama yangu aliuza kwa kopo pale sokoni Kibondo, na kabla sijajua kusoma nilishajua kwamba kopo lina shingo, na kwamba shingo hiyo isiyojazwa ndiyo faida. Nilipoajiriwa kuwa msaidizi katika ofisi ya biashara, Kibondo hiyohiyo, bosi wangu alikuwa Mzee Luhaga, mtu mfupi, suruali yake ameikunja mara mbili kwa sababu ya vumbi letu jekundu. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Alinirushia furushi la vishina vya leseni zilizokwisha kutolewa.

"Hesabu."

Nikahesabu. "Mia mbili, mzee."

"Hesabu tena."

"Mia mbili."

"Sasa ndiyo umehesabu," akasema. "Ile ya kwanza ulikuwa unakisia, bahati ikakupenda."

Hilo ndilo somo alilonipa, na miaka yote iliyofuata ilikuwa mazoezi. Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa vinne: kitabu cha leseni, muhuri, kalamu nyekundu, na kikokotoo cha betri ambacho sikukiamini, kwa hiyo nilihakiki majibu yake kwa vidole. Wafanyabiashara wakaniita Mama Leseni. Kwa ulimi wetu sisi Waha, ambao L na R kwetu ni ndugu wa tumbo moja, nikawa Mama Reseni.

Mwaka 2012 nilihamishiwa Kasulu. Nikakuta kila penye kivuli pana mwavuli, meza, kiti cha plastiki na mtu mwenye simu tatu: wakala wa pesa za simu. Mpo mlioajiriwa mkiikuta biashara hiyo, mnadhani iliumbwa pamoja na mvua. Sisi tuliona ikiingia, na ilipoingia haikuwa na sheria yake. Kampuni zenyewe zilifanya kazi kwa barua ya benki kuu iliyosema haina pingamizi. Wakala alikuwa na mkataba wa kampuni, karatasi ndogo yenye maandishi madogo zaidi. Na mteja? Mteja alikuwa na Mungu, na meseji kwenye simu.

Kilichotuingiza sisi humo ni leseni ya biashara tu. Wakala alilazimika kuitundika ukutani, na leseni ina muhuri. Mtu akidhulumiwa hatafuti mwenye madaraka, anatafuta mwenye muhuri. Basi wakaja kwangu. Huyu katozwa mia tano za ziada kwa sababu "mtandao leo mzito." Huyu kapewa noti bandia. Huyu kaambiwa pesa imeisha, arudi Alhamisi, kama vile anaomba msaada na si mali yake. Sheria niliyokuwa nayo mezani ilihusu leseni za biashara; ilinipa nguvu ya kumuuliza wakala kama amelipia leseni. Basi. Yaliyobaki nilifanya kwa mdomo. Nilikuwa naenda kwenye meza ya wakala, nakaa, naagiza chai kwa jirani, na kuinywa taratibu mbele ya wateja wake hadi mia tano zirudi. Chai moja mia mbili. Kwa hiyo serikali ilikuwa inapata hasara ya mia mbili kila kesi, na serikali ilikuwa mimi.

Wakala mkubwa pale stendi alikuwa Bwana Athumani. Kwao asili ni Pangani, baba yake ndiye aliyekuja na duka, na yeye alikuwa bado anaongea kama aliyeshuka jana.

"Mama Leseni," aliniambia siku moja, "miaka ishirini niko hapa Kasulu, na bado watu wananiambia niwapimie kiro mbiri za mchere."

"Na bado unawapimia kilo moja na robo tatu," nikamjibu.

Alicheka hadi kofia ikamdondoka. Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Mizani yake nayo ikapona.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo kesi ninayotaka kuwasimulia haitaeleweka. Kwetu huku mtoto ana jina lake. Hana jina la ukoo linalomfuata kama mkia. Na mapacha hawachaguliwi majina, majina yanawasubiri. Wa kwanza kutoka ni Bukuru, wa pili ni Toyi, awe wa kike au wa kiume. Atakayezaliwa baada yao ni Kiza. Ndivyo ilivyo kwa Waha, ndivyo ilivyo kwa jirani zetu wenye asili ya Burundi. Ukisimama sokoni Kasulu ukaita "Bukuru!", watageuka wasiopungua watano, na mmoja atakuwa anakudai.

Zilipokuja kampeni za kusajili laini za simu, fomu ilikuwa na visanduku viwili: jina la kwanza na jina la ukoo. Wasajili walikuwa wanalipwa kwa idadi ya laini, si kwa akili. Mtu akisema "Naitwa Bukuru," msajili anajaza kisanduku cha kwanza. "La pili?" "Bukuru tu." Kisanduku hakiwezi kubaki wazi, foleni ni ndefu, jua linachoma. Anaandika Bukuru tena. Hivyo ndivyo wilaya mbili zilivyojaa akina Bukuru Bukuru na Toyi Toyi.

Jumatatu moja, mwaka 2013, msimu wa kuuza mahindi, aliingia ofisini mwanamume wa makamo, mkulima kutoka Rungwe Mpya. Alivua kofia, akaikunja, akaishika kwa mikono miwili kama anaikamua.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye. Kaa."

"Sikai. Nimeibiwa na mwanamke, halafu mwanamke huyo ananililia."

Nilimwambia akae hivyohivyo. Hiyo si habari ya kusimama.

Jina lake lilikuwa Toyi. Pacha wake, Bukuru, anaishi Kumsenga, upande wa Kibondo. Misimu miwili wameweka akiba ya mahindi na maharage ili wanunue mashine ya kusaga iliyotumika, kwa sababu wanawake wa kwa Bukuru walikuwa wanabeba mahindi kichwani nusu siku kufuata mashine, na nusu siku kurudi na unga. Fundi Kasiani wa Kibondo mjini alikuwa nayo moja. Alitaka kianzio cha laki tatu na nusu, mwisho Ijumaa. Ijumaa ikipita, kuna mnunuzi mwingine na lori lake tayari.

Toyi akauza mahindi, akaenda kwa Athumani, akaweka laki tatu na nusu kwenye simu yake, na kuomba asaidiwe kutuma. Namba ya Bukuru ilikuwa kwenye kipande cha daftari. Athumani akaisoma, Toyi akabonyeza, meseji ikaingia: umetuma pesa kwa Bukuru Bukuru. Zama hizo jina lilikuja baada ya pesa kuondoka, si kabla. Toyi akasoma jina la pacha wake, roho ikatulia, akaenda kula.

Jioni Bukuru wa Kumsenga akapiga: mbona kimya?

"Nikapiga ile namba niliyotumia," Toyi akanisimulia. "Akapokea mwanamke. Akaniuliza, 'Ni Toyi?' Nikasema, 'Ego, ni Toyi.' Akapiga ukelele! 'Toyi! Uko mzima! Toyi wangu!' Akalia, mama, akalia mpaka salio langu likaisha. Huyu ni tapeli wa namna gani? Matapeli wanacheka, hawalii."

Nikaomba kile kipande cha daftari. Nilikisoma mara mbili, halafu mara ya tatu kwa ajili ya Mzee Luhaga. Namba ilikuwa imeandikwa na jirani wa Bukuru, mtu aliyesomea Burundi. Na waliosomea kule, moja yao ina mkono mrefu unaoshuka mbele, utadhani inachukua tonge. Athumani, mtoto wa Pangani, aliiona ikawa saba. Tarakimu moja tu. Kwingineko duniani kosa hilo lingekupeleka kwa mtu mwenye jina la kigeni, ungeshtuka papo hapo. Kwetu lilimpeleka Toyi kwa Bukuru.

Nikaanza kuzunguka. Nilipiga huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, nikasikiliza muziki wao hadi nikaweza kuuimba. Binti akapokea, mpole sana. Nikaeleza. Akaniuliza mteja alikusudia kumtumia nani. Nikasema Bukuru. Akabonyeza-bonyeza.

"Mama, pesa imefika kwa Bukuru. Jina alilokusudia na jina la mpokeaji ni lilelile. Kosa liko wapi?"

Nikaenda polisi. Askari akasikiliza, akajikuna shingo. "Hakuna jinai hapa. Ametuma mwenyewe, kwa mkono wake, kwa jina analolitaka. Nimkamate nani, kidole?"

Nikaenda mahakama ya mwanzo. Karani akafungua daftari.

"Mnamshitaki nani?"

"Bukuru."

"Pesa mnasema ilikuwa ya nani?"

"Ya Bukuru."

Karani akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa huruma. "Mama Leseni, umeanza kuchoka. Nenda likizo."

Siwalaumu hata mmoja. Kila mmoja alifungua kitabu chake na kitabu kilikuwa kimya. Nawaandikia hili ili mjue ukimya huo ulikuwaje, maana ninyi mna kitabu kinachosema na mnalalamika kwamba ni kirefu.

Jumatano nikapiga ile namba kwa simu ya ofisi. Mwanamke akapokea. Nikajitambulisha, nikamuuliza yuko wapi. Kitanga, akasema. Hakusita wala hakuzima simu. Tapeli hakupi jina la kijiji. Asubuhi ya Alhamisi nikapanda pikipiki ya idara na Toyi nyuma. Athumani akatufuata kwa pikipiki ya kukodi, kwa gharama yake. Aliniambia saba ile haimpi usingizi.

Tulimkuta nyumbani, na watu. Kulikuwa na jirani watatu kwenye mkeka na sufuria kubwa imefunikwa kwa kanga. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mkulima. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye kazaliwa huku na sasa ni raia kama mimi. Alipoona pikipiki alikuja mbio, akampita Athumani, akanipita mimi, akasimama mbele ya Toyi. Akamwangalia usoni. Niliona kitu kikimzimika machoni taratibu, kama taa ya kandili mafuta yakiisha.

"Wewe si Toyi," akasema.

"Ni Toyi," akasema Toyi. "Ila si wako."

Pacha wake alikuwa ameondoka miaka kumi nyuma kwenda Tabora kwenye mashamba ya tumbaku. Hakuandika, hakupiga. Watu walishamwambia akae matanga. Halafu Jumatatu simu ikalia: umepokea shilingi laki tatu na nusu kutoka kwa Toyi Toyi. Ungefanyaje wewe? Mimi mwenyewe, ninayehesabu mara mbili, ningehesabu mara moja na kupiga vigelegele.

Nilimweleza yote: moja, saba, kipande cha daftari, mashine, Ijumaa. Alisikiliza amesimama. Jirani mmoja kwenye mkeka akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika, "Pesa ikishaingia kwako ni yako. Mungu hakosei namba."

"Mungu hana laini," Athumani akamjibu. "Aliyekosea namba ni mimi."

Bukuru akaingia ndani. Tukasubiri. Nawaambia ukweli, nilikuwa sina chochote cha kumlazimisha. Hakuwa na leseni nimnyang'anye, hakuwa na kosa nimtishe. Angebaki ndani, ningeondoka na Toyi wangu na kofia yake iliyokamuliwa. Alitoka na kopo la maziwa ya unga na simu.

"Kwenye simu kuna laki mbili na nusu, kasoro walichokata. Wakala wa hapa alikuwa na laki moja tu ya kunipa. Hapa kuna hamsini na nane. Arobaini na mbili tumekula."

Nikaomba mchanganuo, mazoea ni mabaya. Akanihesabia kwa vidole: jogoo wawili elfu kumi na sita, mchele elfu saba na mia tano, sukari elfu nne, pombe ya ndizi elfu nne na mia tano, sadaka ya shukrani kanisani elfu kumi. Nikajumlisha. Arobaini na mbili kamili. Nikajumlisha tena. Kwa miaka yote ya kukagua wafanyabiashara wenye mashine za risiti, hesabu safi kuliko zote niliikuta Kitanga, kwenye kopo la maziwa.

"Nitalipa," akasema. "Maharage yakikomaa."

Toyi akauliza, "Hao jogoo mlichinja kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Toyi. Kwamba yuko hai."

"Na sadaka?"

"Ya Toyi."

Akaangalia ile sufuria iliyofunikwa. "Kuna kilichobaki?"

"Mchuzi kidogo na wali."

"Basi nipakulieni. Mlimsherehekea Toyi, Toyi ni mimi. Deni limeliwa na mwenyewe."

Jirani wakaanza kucheka, kisha Bukuru akacheka huku machozi yanamshuka, na tukala wote watatu. Athumani alikula mara mbili, kwa mtu asiyepata usingizi.

Ilibaki kutuma. Nilimwambia Bukuru atume mwenyewe moja kwa moja Kumsenga, kwa simu yake. Nikasoma tarakimu moja moja, Athumani akazirudia, Toyi akazirudia, jirani nao wakazirudia kama misa. Akabonyeza. Zile hamsini na nane Toyi aliziweka baadaye kwa wakala wa Kitanga, akazituma naye, kwa misa ileile.

Dakika haikuisha baada ya Bukuru kubonyeza, simu ya Toyi ikalia. Nikasikia sauti ya Bukuru wa Kumsenga inapasuka: "Toyi, jihadhari! Matapeli wameingia! Nimeletewa meseji, eti nimetumiwa pesa na Bukuru Bukuru. Yaani nimejitumia mwenyewe! Naifuta sasa hivi!"

"Usifute!" tukapiga kelele watu saba kwa pamoja.

Ilimchukua robo saa kuamini. Bado upungufu ulikuwapo: zile arobaini na mbili za karamu pamoja na makato, dhidi ya laki tatu na nusu za Fundi Kasiani. Nikampigia mimi. Tunafahamiana tangu Kibondo.

"Fundi, ile mashine. Chukua laki tatu kianzio, iliyobaki utalipwa mavuno yajayo."

"Mama Reseni, tatu na arobaini, nimekupenda."

"Injini yake naikumbuka tangu kwa mwenye nayo wa kwanza. Ilikuwa inakohoa."

"Nimeitibu! Tatu na ishirini."

"Umeitibu kwa waya. Huyo wa lori ameshakupa hata mia?"

Akakohoa.

"Fundi?"

"Hajanipa."

"Basi lori lake halina mafuta. Laki tatu, na wewe mwenyewe unakwenda kuifunga Kumsenga."

"Laki tatu, na chakula wanipe wao."

"Chakula watakupa. Jogoo hapana, wamepungua."

Ijumaa saa nne asubuhi mashine ikapakiwa, na Jumapili ikasaga. Mimi sikuwapo, niliambiwa unga wa kwanza ulitoka na kutu na hakuna aliyejali.

Nilirudi ofisini nikafanya vitu vitatu ambavyo hakuna aliyenituma. Nilimwambia kila wakala anayekuja kuhuisha leseni aandike kwa mkono, herufi kubwa, abandike mezani: SOMA NAMBA MARA MBILI. JINA SI NAMBA. Athumani aliongeza chini yake mchoro wa moja yenye mkono mrefu, pamoja na maneno "hii si saba." Pili, niliwaomba wasajili wa laini, kila nilipowakuta, wajaze kisanduku cha pili kwa jina la baba au mama. Tatu, nilifungua daftari la malalamiko, lenye tarehe, kiasi, wakala, na yaliyoamuliwa. Halikuwa na nguvu yoyote kisheria. Lakini mdomo wa binadamu hubadilika mbele ya daftari.

Mwaka 2015 ikaja sheria ya mifumo ya malipo, na kanuni za pesa za kielektroniki nyuma yake. Tuliitwa semina Kigoma mjini. Mwaka huo wageni wapya kutoka Burundi walikuwa wanaingia kambini kwa maelfu, meza za mawakala zimezidiwa, na mimi nilikuwa nimebakiwa na miezi michache ya kazi. Nilisoma kurasa zile kwa kalamu nyekundu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Sasa mwenye kampuni anahitaji leseni, si barua. Sasa pesa ya mteja inakaa pembeni kwenye akaunti ya amana, kampuni haiwezi kuila. Sasa malalamiko yana mlango. Mambo ambayo nilikuwa nayapigania kwa kikombe cha chai yalikuwa yameandikwa, yana namba ya kifungu.

Mwezeshaji akauliza kama kuna swali. Nikanyoosha mkono.

"Na kama jina la aliyekusudiwa na jina la aliyekosewa ni moja?"

"Mama, hiyo hutokea mara chache sana."

Ukumbi mzima, uliojaa Waha, ukaangua kicheko. Watatu humo ndani walikuwa akina Bukuru. Mwezeshaji aliangalia huku na huku, halafu, na hili lilinifurahisha, akatoa kalamu akaniomba niandike maoni yangu. Niliandika ukurasa mmoja. Sikujibiwa. Lakini siku hizi mtu akitaka kutuma, simu inamwonyesha jina kwanza ndipo inauliza kama aendelee. Sidai kwamba ni kwa sababu ya ukurasa wangu. Ila nikiulizwa, sikani kwa nguvu.

Wiki ya mwisho kazini nilipita Kitanga kuaga mawakala. Nikamwendea Bukuru. Nilikuwa nimeshamsihi asajili upya, na alikubali kwa sharti moja.

"Nikiweka jina la baba, Toyi wangu akipiga atanipata?"

"Namba haibadiliki, mwanangu. Linabadilika jina tu."

"Basi sawa. Namba hii aliniachia yeye alipokwenda Tabora. Jina aliliacha Mungu."

Safari hii nilimkuta anapukuchua maharage. Simu ikalia meseji. Akaipangusa kwa kanga, akanionyesha: shilingi elfu mbili, kutoka kwa Toyi Toyi. Nikashtuka.

"Amepatikana?"

"Ah. Ni yule wa Rungwe Mpya." Akacheka. "Nilisema nitalipa, akakataa. Mavuno yakija namtumia elfu mbili kwa nguvu. Na yeye ananirudishia elfu mbili ileile."

"Kila msimu?"

"Kila msimu. Anasema mashine inasaga vizuri. Mimi najua si Toyi wangu, mama. Lakini simu inalia, inasema jina lake, na siku ile napika vizuri."

Mnanijua. Kichwani nilikuwa nimeshapiga hesabu: elfu mbili inakwenda, inakatwa, inarudi, inakatwa. Baada ya misimu kadhaa elfu mbili yote itakuwa imehamia kwa kampuni ya simu, na hakuna aliyenunua hata kibiriti. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikahesabu tena.

Nikaufunga. Katika miaka yangu yote ya kazi, hayo ndiyo makato pekee ambayo sikuomba yapunguzwe.